Al-Razi: Tabibu aliyeandika makosa yake ili wengine wapone

Kila mvua za masika zinapopungua, chumba changu cha kuonea wagonjwa hujaa watoto wenye homa. Wazazi wengi huingia wakiwa na jibu tayari, kwamba ni malaria na kilichobaki ni daktari kuandika dawa. Mara nyingi wako sahihi, lakini si mara zote. Wiki hii nitawasimulia maisha ya mtu aliyelijua jambo hilo zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, kabla ya darubini, kabla ya kipimo cha damu, na kabla ya mtu yeyote kujua kwamba malaria huletwa na mbu.

Jina lake ni Abu Bakr Muhammad ibn Zakariya al-Razi. Wasomi wa Ulaya waliosoma vitabu vyake kwa Kilatini walimwita Rhazes. Wasomaji wengi wanamfahamu zaidi Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980, lakini wakati huo al-Razi alikuwa ameshafariki kwa miongo kadhaa. Ukimuuliza daktari yeyote wa watoto ni nani wa kale anayestahili kukumbukwa kila mtoto anapotoka vipele, jina la al-Razi halitakuwa mbali.

Mpiga udi aliyechelewa kusomea tiba

Al-Razi alizaliwa karibu mwaka 865 katika mji wa Rayy, ambao mabaki yake yako pembeni mwa Tehran ya leo, nchini Iran. Rayy ulikuwa mji wa biashara, uliokuwa kwenye njia ya misafara iliyotoka mashariki kwenda Baghdad. Hakuanza maisha akiwa tabibu. Waandishi wa zamani wanaeleza kwamba ujanani alipiga udi na kuimba, kisha akajishughulisha na alkemia, yaani ile kazi ya kuyeyusha na kuchanganya madini kwa matumaini ya kupata dhahabu. Alijifunza kuchemsha, kukausha, kuchuja na kupima uzito wa vitu, na baadaye akaandika vitabu vilivyoeleza vyombo na hatua za kazi hiyo.

Tiba aliiingia akiwa mtu mzima tayari. Nalisema hili kwa ajili ya wazazi wenye vijana wanaochelewa kupata njia yao. Mikono iliyozoea kupima na kuchuja ndiyo iliyokuja kupima dawa, na jicho lililozoea kutazama chungu kikibadilika rangi ndilo lililokuja kutazama ngozi ya mtoto mgonjwa.

Alisimamia hospitali ya Rayy, kisha akaenda Baghdad, makao makuu ya dola ya Kiislamu chini ya makhalifa wa Bani Abbas, akaongoza hospitali huko pia. Baadaye alirudi Rayy, na ndiko alikomalizia maisha yake.

Ukimsikiliza anayesimulia habari zake, huenda ukaambiwa kwamba alitundika vipande vya nyama sehemu mbalimbali za Baghdad, akachagua kujenga hospitali mahali nyama ilipochelewa kuoza. Kisa ni kitamu, nami nilikiamini nikiwa mwanafunzi. Tatizo ni kwamba hospitali inayotajwa mara nyingi katika kisa hicho ilijengwa miongo kadhaa baada ya yeye kufariki. Tukumbuke hilo kila tunapotumiwa habari za afya kwenye simu. Habari inaweza kuvutia, ikawa na jina la mtu mkubwa ndani yake, na bado isiwe ya kweli.

Jinsi alivyowaona wagonjwa

Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad aliyekamilisha orodha yake kubwa ya vitabu na waandishi mwaka 987, ametuachia picha ya al-Razi akiwa kazini. Alikuwa mzee mwenye kichwa kikubwa. Aliketi mbele, wanafunzi wake wakubwa wakiwa karibu naye, wanafunzi wao nyuma yao, na wengine nyuma zaidi. Mgonjwa alipofika, alieleza shida yake kwanza kwa wale wa nyuma kabisa. Wakiwa na jibu, walimhudumia. Wakishindwa, alipelekwa kwa safu ya mbele yao. Wote wakishindwa, ndipo al-Razi mwenyewe alipozungumza.

Mzazi aliyezunguka zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya na kisha ya rufaa ataitambua safari hiyo. Huwa inachosha, najua. Lakini lengo lake tangu enzi hizo ni lile lile: shida ndogo zimalizwe karibu, na zile ngumu zimfikie mwenye ujuzi zaidi akiwa na muda wa kuziangalia. Palipo na kasoro ni pale mgonjwa anapocheleweshwa katika safu moja huku hali ikizidi kuwa mbaya.

Ibn al-Nadim anaeleza pia kwamba al-Razi alikuwa mkarimu, mwenye huruma kwa maskini, aliyewapa posho na kuwauguza yeye mwenyewe. Aliandika kitabu mahsusi kwa ajili ya mtu asiye na tabibu karibu, akitaja tiba za vyakula na vitu vinavyopatikana jikoni na sokoni. Katika zama ambazo matabibu wengi maarufu waliishi kwa fedha za wafalme, yeye alimfikiria mtu wa kijijini ambaye hana wa kumwita usiku mtoto akichemka.

Homa iliyompotosha

Sasa niwaeleze kisa kilichonifanya nimpende mtu huyu. Katika kumbukumbu zake za wagonjwa yumo bwana mmoja aitwaye Abdallah ibn Sawada. Bwana huyu alikuwa akipata homa zisizo na mpangilio. Mara ilimjia kila siku, mara siku baada ya siku, mara kwa kuruka siku kadhaa. Kila ilipokuja ilitanguliwa na baridi kidogo, naye alikwenda haja ndogo mara nyingi sana. Al-Razi alipima pande mbili: huenda ni zile homa za vipindi, ambazo leo tungezihusisha na malaria, au huenda kuna kidonda katika figo. Hakuthubutu kusema kwa uhakika ni kipi.

Muda si mrefu, usaha ukatoka katika mkojo. Hapo ikawa wazi kwamba tatizo lilikuwa figo. Alimpa dawa za kuongeza mkojo hadi ukasafika, na mgonjwa akapona.

Angeweza kuishia hapo na kujisifu. Badala yake aliandika kwa nini hakuamua mapema. Kwanza, homa za vipindi alizokuwa nazo mgonjwa huyo hapo kabla zilimvuta kufikiri upande huo. Pili, mgonjwa hakumwambia kwamba anaposimama huhisi kama uzito unaning'inia kiunoni, na yeye tabibu alisahau kumuuliza. Kosa akaliweka upande wake.

Nilipokisoma kisa hicho mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda. Nikiwa daktari kijana katika mafunzo ya vitendo, nililetewa mtoto wa kike wa miaka miwili mwenye homa. Alikuwa ameshatibiwa malaria mara mbili kwingine. Kipimo cha damu hakikuonyesha vijidudu vya malaria, lakini wodi ilikuwa imejaa, mimi nilikuwa nimechoka, nikaandika dawa ya malaria kwa mara ya tatu. Muuguzi mmoja wa siku nyingi, aliyekuwa akimsaidia mama kumbadilisha mtoto, ndiye aliyeuliza kama mtoto hulia anapokojoa. Mama akajibu kwamba ndiyo, kwa wiki mbili sasa, na kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Tulipopima mkojo ulikuwa umejaa chembe za usaha. Alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo wengi huyaita UTI, na yalikuwa yameanza kupanda kwenye figo.

Mtoto yule alipona. Mimi nilibaki na aibu, na kwa miaka mingi sikumsimulia mtu. Kumbe tabibu mkuu wa Rayy alikuwa amefanya kosa linalofanana na langu, akaliandika kwa wino, wanafunzi wake wakalisoma. Tofauti kati yake na mimi ilikuwa kwamba yeye hakuona haya.

Ndui na surua

Kitabu chake kinachowagusa wazazi zaidi ni kidogo tu. Kinahusu magonjwa mawili, ndui na surua, au ukambi kama wanavyouita wenzetu wa Kenya. Wapo waliokuwa wameyataja magonjwa hayo kabla yake, lakini chake ndicho kitabu cha kale kabisa tulicho nacho kilichokaa chini na kueleza mgonjwa wa ndui anaonekanaje, wa surua anaonekanaje, na tabibu atawatofautisha vipi.

Alitazama kwa makini. Aliandika kwamba ndui hutanguliwa na homa isiyokatika, maumivu ya mgongo, muwasho wa pua na mtoto kushtuka usingizini. Maumivu ya mgongo aliyaona zaidi kwa wenye ndui, ilhali kichefuchefu na mahangaiko aliyaona zaidi kwa wenye surua. Alieleza pia ni vipele vya namna gani vinavyotia matumaini na vipi vya kuogopesha. Mzazi wa Baghdad aliyekuwa na mtoto mwenye vipele sasa aliweza kuambiwa nini cha kutarajia.

Alitenga nafasi maalumu kueleza jinsi ya kulinda macho, koo na masikio, kwa sababu aliwaona watoto wakipona ugonjwa lakini wakibaki vipofu. Alishauri macho yaoshwe kwa maji baridi mara kadhaa kwa siku na kutiwa maji ya waridi.

Hakupatia kila kitu. Chanzo cha ndui alikiona ndani ya damu ya mtoto mwenyewe, akiifananisha na maji ya zabibu mabichi yanayochacha mpaka yatulie. Ndiyo maana alidhani karibu kila mtoto lazima aipitie. Alishauri pia kutoa damu, jambo ambalo leo tunajua lingemdhoofisha mtoto. Virusi hakuna aliyevijua, na visingejulikana kwa karibu miaka elfu moja nyingine. Lakini alichokiona kwa macho kilikuwa sahihi vya kutosha hata kitabu chake kikatafsiriwa na kuendelea kusomwa na madaktari wa Ulaya mpaka katika karne ya 18, ile ile ambayo Edward Jenner wa Uingereza alifanya jaribio lake la chanjo ya ndui, mwaka 1796.

Mwisho wa ndui ulikuja hapa hapa kwetu, Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida aliipata mwaka 1977 mjini Merca, Somalia. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umetokomezwa. Moja ya magonjwa mawili ya kitabu cha al-Razi halipo tena.

La pili bado lipo, na chanjo yake ipo tangu mwaka 1963. Kila mtoto anayekufa kwa surua leo anakufa kwa ugonjwa ambao al-Razi aliutazama bila kinga yoyote mkononi, nasi kinga tunayo kwenye jokofu la zahanati.

Mjadala na walaghai

Al-Razi hakumwogopa mtu mkubwa. Tabibu wa Kigiriki Galen, aliyeishi zaidi ya miaka 600 kabla yake, alikuwa ndiye mamlaka ya tiba yote. Al-Razi alimheshimu kama mwalimu, lakini akaandika kitabu kizima cha mashaka yake juu ya Galen, akieleza kwamba baadhi ya mambo aliyoyaona kwa wagonjwa wake hayakulingana na maandishi ya mwalimu huyo. Wapo waliomlaumu kwa kukosa adabu.

Aliwakabili pia walaghai. Katika kitabu alichomwandikia Mansur ibn Ishaq, gavana wa Rayy, aliwaeleza watu waliojidai kumtoa mgonjwa nyoka puani, au funza sikioni na kwenye meno, kumbe kitu chenyewe walikuwa nacho mkononi tangu mwanzo. Msomaji anayekumbuka misumari na sindano zinazotolewa mwilini mwa wagonjwa katika baadhi ya vilinge vya siku hizi ataona kwamba mchezo ni wa kale.

Lakini hakuishia kuwacheka walaghai. Alijiuliza pia kwa nini watu huwaacha matabibu wenye ujuzi na kuwaendea wao, akaandika juu yake. Aliandika vilevile kwamba hata tabibu hodari hawezi kuponya kila ugonjwa. Naona mambo hayo mawili yameshikana. Daktari anayesema ukweli hukiri kwamba hana uhakika, naye mlaghai hana shaka hata siku moja. Mzazi aliyejaa hofu hukimbilia penye uhakika. Sisi madaktari tukiwa wakali au wenye haraka, tunamsukuma mzazi huyo wenyewe.

Macho yaliyochoka

Alifanya kazi bila kupumzika. Katika maelezo ya maisha yake aliandika kwamba kwa mwaka mmoja tu alijaza zaidi ya kurasa 20,000 kwa mwandiko mdogo kama wa hirizi. Kitabu chake kikubwa kilimchukua miaka 15, usiku na mchana, hadi macho yakafifia na misuli ya mkono ikagoma. Hata hapo hakuacha. Aliwatumia watu wamsomee na wamwandikie.

Uzeeni akawa kipofu. Ibn al-Nadim alitaja kwamba macho yake yalikuwa na majimaji kwa sababu ya kula maharage mengi. Leo hatuwezi kukubali sababu hiyo, na inawezekana alikuwa na mtoto wa jicho. Inasimuliwa kwamba aliletewa mtu wa kumtibu, akamuuliza jicho lina tabaka ngapi. Mtu yule aliposhindwa kujibu, al-Razi akakataa kuguswa, akisema kwamba ameshaiona dunia vya kutosha. Alifariki Rayy, kwa hesabu inayokubaliwa zaidi, mwaka 925.

Karatasi zake za miaka yote zilibaki kwa dada yake. Waziri Ibn al-Amid alizipata kutoka kwake, akawakusanya wanafunzi wa marehemu ili wazipange. Kikatoka kitabu kikubwa kiitwacho al-Hawi, ambacho mwaka 1279 kilikamilishwa kutafsiriwa kwa Kilatini na tabibu wa Kiyahudi wa Sicily, Faraj ben Salim. Bila dada yule kutunza karatasi, pengine kisa cha Abdallah ibn Sawada kisingetufikia.

Tufanye nini

Nikirudi kwenye chumba changu cha wagonjwa, haya ndiyo ninayoomba kwenu wazazi.

Mtoto akiwa na homa, apimwe malaria kabla ya kupewa dawa. Kipimo kikionyesha hana, usilazimishe dawa ya malaria, bali uliza ni nini kingine. Tueleze kama analia akikojoa, kama anakojoa mara nyingi, kama mkojo una harufu isiyo ya kawaida, kama anatapika. Usingoje tukuulize, maana hata al-Razi alisahau kuuliza.

Surua huanza kwa homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, kisha baada ya siku chache vipele hutokea usoni na kushuka mwilini. Mpeleke kituo cha afya, na waeleze mapema wahudumu kwamba unashuku surua, ili asikae foleni moja na watoto wachanga. Atapewa vitamini A, ambayo hulinda macho yake na hupunguza hatari ya kifo. Usimtie machoni dawa za majani wala maziwa. Wapo wanaoamini kwamba mwenye surua afichwe ndani na asiguswe sindano. Imani hiyo imetugharimu watoto wengi. Akipumua kwa shida, akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege au akilegea, hiyo ni dharura, usingoje asubuhi.

Kuhusu chanjo, hapa Tanzania mtoto hupata ya surua na rubella akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Nawaona wengi wakirudi kwa ile ya kwanza na kuisahau ya pili, kwa kuwa mtoto ameshaanza kukimbia na kadi iko chini ya godoro. Itoe leo uiangalie.

Na kadi hiyo itunzeni kama dada wa al-Razi alivyotunza karatasi za kaka yake. Andikeni pembeni homa ilianza lini, alipewa nini, ilitokea nini. Sisi madaktari nasi tuandike, pamoja na pale tulipokosea. Yule mtoto wa miaka miwili niliyemwandikia dawa isiyo yake, leo ni msichana mkubwa. Tangu siku ile sijamwona mtoto mwenye homa bila kumuuliza mama yake kuhusu mkojo.